Siku Nilipomuua Mama Loisi kwa Elfu Kumi na Tano

Watu wa Ipagala wakipita mbele ya duka langu huniita Israili mtoa roho, nami huitika, maana nimechoka kujitetea. Duka lenyewe ni steshenari ya mlango mmoja. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuomba kazi na za kuacha kazi, natengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Jina langu halisi ni Habibu, kwetu ni Kondoa, na mtu ninayeambiwa nilimuua anaitwa Loisi. Yu hai. Jana tu alikuja kunisema kwa sababu nimepandisha bei ya kopi.

Mama Loisi ana miaka sitini na mbili na sijawahi kumsikia akiomba radhi. Alizaliwa Bahi, akaolewa mjini, akafiwa na mume mapema, na mji ulipoanza kujengwa maofisi mapya akaweka kibanda chake karibu na mafundi. Vijana walikuja kutoka mikoa ya samaki na mikoa ya ndizi, wakautazama mlenda unavyovutika kutoka kwenye bakuli, wakacheka. Hakubishana nao, ila hakupika mboga nyingine. Siku ya tatu walikula, na wiki ya pili walikuwa wanaomba kuongezewa. Aliwalisha miaka tisa. Majengo yalipokwisha, na baadhi ya wale wale vijana wakawa wameingia ndani yake wamevaa suti, alikuja mtu na karatasi kumwambia kwamba kibanda chake kinaharibu mandhari.

Hapo ndipo alipopata wazo la kuuza mlenda mkavu. Wanawake wa kijijini kwao huuchuma porini wakati wa mvua, wakauanika, wakautwanga ukawa unga. Kwa miaka yote mnunuzi wao alikuwa bwana mmoja wa lori ambaye kwake gunia halijai mpaka liote kichwa. Lumbesa hiyo ilimkera Mama Loisi kuliko hata karatasi ya mandhari. Mwezi wa tano mwaka jana alikwenda Bahi, akakaa jikoni kwa wifi yake Anna, akawaambia wanawake wasimuuzie yule bwana. Wampe yeye mzigo, kwa kilo, kwa mizani, naye atawaletea pesa yao kabla ya mvua. Wanawake kumi na wanne wakamwamini. Bwana wa lori akaondoka mikono mitupu, akiwaambia kwamba watamtafuta wenyewe.

Sasa, mvua zikianza mlenda mbichi huota hadi kando ya choo, na hakuna mwenye akili atakayenunua mkavu. Mwisho wa Septemba viroba tisa vya kilo ishirini na tano vilikuwa bado vimepangwa sebuleni kwa Mama Loisi, mgeni akija anakaa katikati yake kama utingo juu ya lori. Pakiti ya robo kilo ilikuwa shilingi elfu mbili. Alikuwa ameuza pakiti kumi na nane. Sita kati ya hizo nilinunua mimi, na mke wangu hajui kupika mlenda.

Kijana mmoja wa chuo, wa wale wanaovaa kitambulisho shingoni hata Jumapili, alimweleza kwamba biashara isiyokuwepo mtandaoni haipo kabisa. Akamtajia tovuti: laki tatu na nusu ya kutengeneza, halafu kila mwaka kulipia jina na mahali inapokaa. Mama Loisi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yaani nijenge kibanda hewani," alisema, "halafu nikilipie pango kila mwaka? Cha ardhini kilikuwa bure na bado walikivunja."

Kesho yake akaja kwangu. Alifungua ncha ya kanga, akatoa elfu kumi na tano, akaiweka juu ya mashine ya kopi.

"Nitilie biashara yangu mtandaoni. Ya hela hiyo."

Nilipaswa kukataa. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kuonekana ninajua, na mama alinitazama kama mtu aliyefika mlango wa mwisho wa mtaa. Nikamwambia kwa pesa hiyo nitamwekea wasapu ya biashara kwenye simu yake na kumtengenezea tangazo zuri la picha, nilirushe kwenye makundi, na watu watamiminika.

Kuhusu uzuri wa tangazo sikudanganya. Katika kompyuta yangu yote hakuna kitu kizuri kuliko fremu ya ratiba za mazishi. Ina mpaka wa zambarau, mawaridi pembe zote nne, kiduara cha picha chenye umbo la yai, na njiwa mweupe juu. Niliinunua kwa fundi mmoja wa mjini na imeshazika watu zaidi ya arobaini bila lalamiko hata moja. Kutengeneza fremu mpya kungenichukua siku mbili, na elfu kumi na tano haina siku mbili ndani yake. Basi nikamtoa marehemu wa mwisho, nikamweka Mama Loisi. Msalaba niliufuta, mimi si mjinga. Njiwa nilimwacha, kwa kuwa njiwa ni ndege tu.

Picha ya kupiga upya alikataa kuilipia. Aliniletea ya harusi ya mpwa wake, amevaa blauzi nyeupe, ameinamisha kichwa kidogo kwa sababu ya jua. Juu nikaandika kwa herufi kubwa: MAMA LOISI. Chini yake: Aliyetulisha wengi. Halafu maelezo ya mlenda, bei ya pakiti, na namba ya simu ya kuwasiliana na kulipia. Maelezo hayo yalibanwa na mawaridi yakawa madogo, lakini yalisomeka vizuri kwa mtu mwenye nia ya kusoma. Sikujua kwamba mtu huyo hayumo kwenye makundi ya wasapu.

Nilimwonyesha kabla ya kurusha. Aliishika simu mbali na macho, akatabasamu.

"Mbona nimependeza hivi?"

"Ni mawaridi, mama."

Jumamosi asubuhi alipanda basi kwenda Bahi kuwaambia akina Anna kwamba mambo sasa yako mtandaoni. Simu aliniachia mimi, nilikuwa sijamaliza kuweka bei. Alisema ameishi miaka hamsini bila simu na siku moja haitamuua. Saa tatu nikarusha tangazo kwenye makundi matatu: la akina mama wa kanisani kwake, la wakazi wa mtaa wetu, na la wateja wake wa zamani wa kwenye majengo. Kisha nikageuka kumtolea mteja kopi za vyeti.

Nilipoirudia simu kulikuwa na ujumbe sitini na nne. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilimwambia yule mteja wa vyeti ajionee mwenyewe faida ya teknolojia. Kisha nikasoma.

"Jamani! Jumapili iliyopita tulikuwa naye ibadani." "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." "Mazishi lini?" "Pumzika mama, ulinilisha siku ambayo sikuwa na mia." Na mishumaa, mingi mno, yote inawaka.

Nikaandika upesi kwa simu yangu kwenye kundi la mtaa: "Ndugu zangu, hili si tangazo la msiba. Ni la mlenda. Mama yu hai." Katibu wa kundi akanijibu palepale: "Habibu, huu si wakati wa kutangaza biashara. Tuwaheshimu wafiwa." Nikaandika tena, kwa herufi kubwa. Akanitoa kwenye kundi.

Simu ikaanza kulia. Nilipokea ya kwanza, sauti ya mwanamume, nzito.

"Pole sana kaka. Wewe ni nani wa marehemu?"

"Hakuna marehemu. Mama hajafa."

"Najua," alisema kwa upole. "Mimi pia nilipofiwa na mama nilisema hivyo wiki nzima. Jikaze."

Katikati ya simu hizo ndipo zikaanza kuingia pesa. Namba ya kulipia mlenda ilikuwa chini ya picha, na Mtanzania akiona picha ya mtu, mawaridi na namba ya simu, hahitaji kuelekezwa. Umepokea elfu tano. Umepokea elfu kumi. Umepokea elfu mbili, pole sana. Namba ilisajiliwa kwa jina la Loisi mwenyewe, kwa hiyo kila aliyetuma aliliona jina la marehemu likimtokea na kumuuliza kama anathibitisha. Wakathibitisha wote.

Nilifunga duka nikaenda mbio nyumbani kwake. Turubai lilikuwa limeshasimama. Viti vya kukodi vilikuwa vinashushwa, na mjumbe wetu, Mzee Gerson, alikuwa amekaa na daftari mezani. Mzee Gerson ni mtu ambaye hujawahi kumwona akikosea, kwa sababu huwa hasikilizi.

"Shikamoo mzee. Mama Loisi hajafa."

"Marahaba. Pole, Habibu. Najua mlivyozoeana."

"Mzee, mama amekwenda Bahi."

"Bahi?" Aliwageukia wenzake wa kamati. "Kumbe mwili uko Bahi. Basi tutahitaji gari."

Nikazunguka nyuma kwa akina mama. Huko moto ulikuwa umewashwa kwenye mafiga matatu, masufuria makubwa yametoka kanisani, na Priska, kiongozi wa kwaya, alikuwa ameingia sebuleni, ameviona viroba, na amekata cha kwanza kwa kisu. Nikamwambia hiyo ni mali ya watu, kuna wanawake kumi na wanne wanaisubiri pesa yake.

"Kaka Habibu," alisema, "marehemu hakuwa mchoyo. Kaa ule. Una njaa ndiyo maana unasema usichokijua."

Ndugu msomaji, ningefanya nini? Nilikaa. Waliniletea sahani ya ugali na mlenda uliotiwa karanga, na kwa kuwa sikuwa nimekula tangu asubuhi, nilikula. Ulikuwa mtamu. Watu wote pale turubaini waliusifu, hata wale ambao kwa miezi minne walikuwa wanapita mlangoni kwake wakisema mama tutakuja.

Mama Loisi alifika saa kumi kwa bodaboda kutoka stendi. Alipoona turubai kwa mbali alidhani ni la jirani, akashuka, akajitanda kanga vizuri na kupunguza mwendo kama anavyofanya mtu mwenye adabu anapoingia msibani. Nilimwona. Nilitaka kusimama nimuwahi lakini aibu ilinibana kwenye kiti. Akamsogelea bwana mmoja aliyekaa pembeni, mgeni kabisa, mwenye beji ya ofisi kifuani.

"Shikamoo mama," alisema yule bwana.

"Marahaba baba. Nani kafariki?"

"Mama mmoja hivi, muuza mlenda."

"Alikuwa anaumwa?"

"Sijui kwa kweli, mimi nimewakilisha ofisi." Akainua sahani yake. "Ila mlenda wake mtamu sana."

Mama Loisi aliitazama ile sahani. Mtu aliyepima unga wake kwa robo kilo miezi minne anaufahamu hata ukiwa umepikwa. Alipita katikati ya viti, watu wakimtazama na kuacha kutafuna mmoja baada ya mwingine, akaingia ndani. Tukasikia sauti yake kutoka sebuleni.

"Nani amefungua kiroba hiki?"

Priska aliangusha mwiko. Wanawake wawili walikimbilia mlango wa uani na viatu vyao wakaviacha. Mzee Gerson alisimama, akatazama mlango, akalitazama daftari lake kana kwamba lenyewe ndilo lililodanganya, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaniuliza mimi nilikuwa nasema nini.

Nikaungama mbele ya watu wote. Mama Loisi aliniomba simu, akaliangalia tangazo upya, safari hii kwa muda mrefu.

"Kumbe ndiyo maana nilipendeza," alisema.

Nilidhani atanipiga. Lakini alikuwa amefikia kitu kingine: orodha ya pesa. Watu tisini na watatu walikuwa wametuma milioni moja na laki sita. Akasema zirudishwe zote, leo hii, yeye hawezi kula pesa ya kufa na hajafa. Mzee Gerson akakataa.

"Rambirambi hairudishwi, Loisi. Ukimrudishia mtu rambirambi yake ni kama unamwambia aitunze, itahitajika."

Turubai zima likaguna kumuunga mkono. Hakuna aliyetaka kupokea pesa ya namna hiyo. Mama Loisi akasimama katikati yao, mkono kiunoni.

"Basi mmenunua," alisema. "Kila elfu mbili ni pakiti moja. Na nyinyi mliokula hapa, kiroba kilichofunguliwa mtakilipia na nyinyi." Nani angekataa, mlenda ungali kwenye vidole?

Hivyo ndivyo mzigo wa Mama Loisi ulivyouzika kwa siku moja, mvua zikiwa bado mbali. Tulipima na kufunga pakiti siku nne, mimi na yeye, nami bila malipo, na ilinipasa kumpigia kila mtumaji kumweleza kwamba mama yu hai na mlenda wake uko tayari. Si wote waliofurahi. Mmoja alisema alishaomba ruhusa kazini na sasa atamwambia nini bosi. Mwingine aliuliza kwa ukali kama nina uhakika.

Siku ya pili tukafika kwenye jina la Filipo. Huyu alikuwa fundi umeme enzi za kibanda, sasa ana ofisi yenye kiyoyozi ndani ya moja ya majengo yale yale. Alituma elfu hamsini, na maneno: "Mama yangu wa pili, sitakusahau." Mama Loisi aliomba nimwonyeshe mazungumzo yake ya nyuma na Filipo. Julai alikuwa amemwandikia, kupitia mimi: "Mwanangu, niungishe hata pakiti moja." Agosti akamwandikia tena. Tiki mbili za buluu, zote mbili, na hakuna jibu.

Alizitazama tiki hizo, kisha akaweka mizani chini.

"Hii imeniuma, Habibu," alisema. "Kufa sikujali. Hii imeniuma."

Filipo alikuja mwenyewe Jumatatu kuchukua pakiti zake ishirini na tano, akasimama mlangoni hajui aseme pole au hongera, na Mama Loisi akamkaribisha ndani, akampa chai, akamuuliza habari za watoto kama kawaida. Mimi ningemfungia mlango.

Pesa ya wanawake aliipeleka Bahi mwezi wa kumi, na kila mmoja alihesabiwa mkononi mwake mbele ya wenzake. Bwana wa lori alipopita akaambiwa hakuna biashara. Anna akasimama na kutangaza kwamba kwa mwendo huu wa mtandao, msimu ujao wataleta viroba ishirini. Mama Loisi akakubali palepale, kwa kuwa kukubali hakukuhitaji bando.

Viroba ishirini vikaja, mwezi wa tano mwaka huu. Sebuleni hakuna tena pa kukaa mgeni. Mimi nikatengeneza tangazo jipya kwa pesa yangu mwenyewe: bakuli la mlenda, ugali, mandhari ya kijani, bila ua hata moja. Niliandika kwa herufi kubwa kwamba mama yu hai na anauza. Tukarusha kwenye makundi yale yale, maana walinirudisha. Vidole gumba arobaini na moja. "Hongera mama." "Mungu akutangulie." Mtu mmoja aliuliza bei, akajibiwa, akanyamaza hadi leo. Kwa wiki tatu tuliuza pakiti kumi na moja.

Mama Loisi alikuwa anakuja kila siku dukani kukaa kwenye benchi la wateja na simu mapajani. Hakulalamika, na hilo lilinitia hofu. Siku moja tu alisema, bila kuniangalia, "Walijaa mpaka barabarani kunizika." Nikajifanya nahesabu karatasi.

Jana mchana simu ikalia. Ulikuwa ujumbe, namba ngeni. Aliniletea nimsomee kwa kuwa miwani ameisahau.

"Shikamoo mama. Tuko Kongwa, tumefiwa na babu yetu. Matanga ni siku tatu na watu ni wengi. Kamati inaomba ule mlenda tuliokula kwenye msiba wako. Tunataka viroba viwili. Tulipie namba ileile?"

Alinifanya nisome mara mbili. Nilimwona akivihesabu viroba kichwani, ishirini kutoa viwili, na nikajua naye amefikia hesabu niliyoifikia mimi: kamati za mazishi ziko kila mtaa, hukutana kila wiki, na haziulizi bei zikanyamaza.

"Wajibu," alisema. "Waambie poleni sana kwa msiba. Bei ni ya pakiti mara mia kwa kiroba. Mzigo utafika kesho asubuhi."

Nikaandika yote. Kidole changu kilikuwa kinakwenda kutuma aliponishika mkono.

"Subiri kwanza," alisema. "Waulize kama mwili wameuona."